Sura ya Sita: Kibaba Kikijaa

Mwaka 2003 mzee mmoja mstaafu wa mji mdogo wa Evart, jimboni Michigan, aliingia dukani asubuhi akaokota kipeperushi. Duka lile alilijua kuliko mtu yeyote. Yeye na mkewe Marge walikuwa wameliendesha miaka 17, wakiuza sigara, pombe na tiketi za bahati nasibu, mpaka walipoliuza ili wapumzike. Jerry Selbee alikuwa na shahada ya hisabati, na ujanani aliwahi kuajiriwa na kampuni ya Kellogg's kwenye kazi ya vifungashio. Mtu aliyeuza tiketi miaka yote hiyo anajua vizuri fedha huelekea upande gani wa kaunta.

Kipeperushi kilitangaza mchezo mpya wa bahati nasibu ya jimbo, Winfall. Tiketi dola 1. Unachagua namba sita kati ya 1 na 49. Ukizipata zote sita, jekpoti ni yako. Asipopatikana mtu, inabebwa kwenda droo inayofuata na kuongezeka. Mpaka hapo ni mchezo uleule unaochezwa dunia nzima. Kilichomsimamisha mzee ni kanuni moja iliyokuwa haina mfano wake jimboni: jekpoti ikifika dola milioni 5 na bado hakuna aliyepata namba zote sita, haibebwi tena. Inamwagwa. Fedha zote zinateremka kwa waliopata namba tano, nne na tatu.

Mwenyewe amesimulia kwamba hesabu ilimchukua dakika tatu. Siku za kawaida, kupata namba nne kulilipa dola 100, na namba tatu dola 5. Siku ya mmwagiko, zawadi hizo zilipanda mpaka dola 1,000 na dola 50. Sasa nunua tiketi 1,100. Uwezekano wa kupata namba nne ni moja katika takriban 1,030, kwa hiyo tarajia tiketi moja ya aina hiyo: dola 1,000. Namba tatu hutokea mara moja katika kila tiketi 57 hivi, kwa hiyo tarajia tiketi 19 hivi: dola 900 na ushee. Umetoa 1,100, umerudishiwa 1,900. Namba tano hujazihesabu, na namba sita hata usiziwaze.

Kama una shaka, hauko peke yako. Hata yeye alikuwa nayo. Mmwagiko wa kwanza alinunua tiketi za dola 2,200, na mkewe hakumwambia. Akarudishiwa 2,150. Mtu mwingine angeshukuru Mungu kwa kupoteza dola 50 tu na kuachana na jambo hilo. Selbee akasema tiketi zilikuwa chache mno. Mara ya pili akaweka dola 3,400, zikarudi 6,300. Mara ya tatu 8,000, zikarudi 15,700. Hapo ndipo alipomweleza Marge. Wakasajili kampuni, GS Investment Strategies, wakauza hisa za dola 500 kwa watoto wao, ndugu na marafiki. Kati ya wanahisa walikuwamo askari na wanasheria. Hakukuwa na siri wala hila. Kanuni za mchezo zilichapishwa na jimbo lenyewe na kuwekwa pale kwenye kaunta, kando ya peremende.

Michigan iliufunga mchezo huo mwaka 2005. Ila kufikia hapo jimbo la Massachusetts, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,400 upande wa mashariki, lilikuwa na mchezo wa namna ileile, na kisa hiki kinanoga huko.

Bahati nasibu ya Massachusetts ilianza 1972, na mapato yake yanagawiwa miji na halmashauri za jimbo. Wakazi wa jimbo hilo ni miongoni mwa wachezaji wakubwa kabisa wa bahati nasibu katika Marekani nzima. Lakini mwaka 2004 mchezo wao mmoja, Mass Millions, ulikuwa umeanza kuchacha: mwaka ulikuwa umepita bila mtu kushinda jekpoti, na watu walichoka kungoja. Wakubwa wa bahati nasibu wakatafuta mchezo ambao mtu wa kawaida angeona fedha zikitoka. Msimu wa vuli wa mwaka huo wakazindua Cash WinFall. Tiketi dola 2, namba sita kati ya 46, droo kila Jumatatu na Alhamisi. Jekpoti ikifika dola milioni 2 bila mshindi, inamwagwa.

Tuichukue tiketi moja ya dola 2 tuifanyie hesabu polepole, maana sura hii yote inasimama juu yake.

Namba sita kati ya 46 zinaweza kuchaguliwa kwa njia 9,366,819. Njia moja tu kati ya hizo ndiyo ya jekpoti. Uwezekano wa kupata namba tano ni moja katika 39,028. Namba nne, moja katika 801. Namba tatu, moja katika 47. Siku ya kawaida zawadi zake zilikuwa dola 4,000, dola 150 na dola 5. Gawanya kila zawadi kwa uwezekano wake: namba tano zinaipa tiketi yako thamani ya senti 10, namba nne senti 19, namba tatu karibu senti 11. Jekpoti ikiwa dola milioni 1, iongezee senti 11 nyingine. Jumla senti 50 hivi. Namba mbili zilikupa tiketi ya bure. Hata ukiihesabu tiketi hiyo kwa bei yake kamili, unaongeza senti 29. Umenunua kwa dola 2 karatasi yenye thamani ya senti 80. Wanahisabati huita kiasi hicho thamani tarajiwa: wastani wa kile ambacho ungerudishiwa kwa kila tiketi kama ungecheza bila kukoma. Nyanya ungezikataa kwa bei hiyo.

Sasa njoo Jumatatu, tarehe 7 Februari 2005, siku ya mmwagiko. Namba tano zililipa dola 50,000, namba nne dola 2,385, namba tatu dola 60. Rudia hesabu ileile: dola 1.28, dola 2.98, dola 1.27. Jumla dola 5.53, kwa tiketi iliyouzwa dola 2. Serikali ya jimbo, kwa mihuri na mashine zake, ilikuwa inauza noti ya dola tano na nusu kwa dola mbili, na aliyetaka kununua alihitaji tu kuingia dukani.

Lakini noti hiyo ilikuwa na kasoro moja. Mwenye tiketi moja siku ile bado alikuwa na uwezekano wa zaidi ya asilimia 97 wa kutoka bila senti taslimu. Mwenzetu anayebeti mpira anaijua hali hiyo: mkeka umepangwa vizuri, na bado umechanika. Dola 5.53 haikai ndani ya tiketi moja, inakaa ndani ya rundo. Nunua tiketi 200,000 na utarajie tano za namba tano, 250 za namba nne na zaidi ya 4,200 za namba tatu. Hapo bahati imepungukiwa na nguvu, na mwenye rundo anakusanya wastani wake kama mwenye nyumba anavyokusanya kodi. Kufikia hapo alitakiwa awe na dola 400,000 mkononi. Kwenye karatasi mlango uliachwa wazi kwa kila mtu, ila kizingiti chake kilikuwa cha mamia ya maelfu.

Waliokivuka walikuwa makundi machache. La kwanza lilitoka MIT, chuo cha teknolojia kilichoko Cambridge, ng'ambo ya mto kutoka Boston. Mapema mwaka 2005 mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, James Harvey, alikuwa akifanya utafiti wa masomo kwa kulinganisha michezo ya bahati nasibu, akagundua kile alichokigundua mzee wa Evart. Yeye na wenzake wapatao 50 wakachanga dola 1,000 kwa ajili ya mmwagiko wa Februari, na fedha zao zikazaa mara tatu. Baadaye wakaanzisha kampuni, Random Strategies. Jina hilo lilitokana na bweni lao, Random Hall. Kundi la pili liliongozwa na mtafiti wa tiba wa mjini Boston. La tatu ni Selbee na mkewe, waliofika Agosti 2005.

Kila kundi lilikuwa na mtindo wake. Wazee wa Evart waliendesha gari siku nzima na zaidi mpaka magharibi ya Massachusetts, wakafikia kwenye maduka mawili katika vijiji vya Sunderland na South Deerfield, wakaiachia mashine iwachagulie namba. Siku nyingine walitumia zaidi ya dola 600,000 kwa mmwagiko mmoja. Kisha walijifungia katika chumba cha moteli, saa kumi kwa siku, siku kumi mfululizo, wakipekua tiketi moja baada ya nyingine kwa macho yao. Walikuwa wamepita umri wa miaka 65. Nikiwawazia pale, rundo kitandani na rundo sakafuni, naona kazi ngumu kuliko ile waliyoistaafu.

Vijana wa MIT waliikataa mashine. Inapochagua yenyewe, baadhi ya tiketi zake hufanana mno, na tiketi mbili zinazofanana hushinda pamoja na kukosa pamoja. Wastani haubadiliki, lakini mtawanyiko unakua: leo umepata kupita kiasi, kesho umeumia. Wao walizipanga namba ili tiketi zisambae sawasawa juu ya uwanja mzima wa njia milioni tisa, kama mvuvi anayetandaza jarife badala ya kurundika nyavu zote mahali pamoja. Wakajaza karatasi kwa mkono, maelfu kwa maelfu. Mwanahisabati Jordan Ellenberg, aliyeandika kwa kirefu juu ya kisa hiki, ameonyesha kwamba upangaji wa namna hiyo unagusana na tawi la jiometri ambalo waliolianzisha hawakuwa na habari na bahati nasibu hata kidogo.

Fedha hizo zilikuwa za nani?

Jibu la haraka, ambalo nimelisikia mara nyingi kisa hiki kinaposimuliwa, ni kwamba wajanja waliipiga serikali. Ni jibu tamu, kwa sababu kila mtu anapenda kusikia serikali imepigwa. Ila si kweli. Kwa kila tiketi ya dola 2, jimbo lilikata senti 80 zake kwanza. Siku ya kawaida lilikata, siku ya mmwagiko lilikata. Selbee aliponunua tiketi za dola 600,000, jimbo lilibaki na dola 240,000 kabla hata namba hazijatolewa. Katika uhai wake wote Cash WinFall uliuza tiketi za takriban dola milioni 296, na jimbo likapata karibu milioni 120. Hakuna aliyegusa fungu hilo. Wacheza rundo walikuwa wateja bora kuliko wote, na wenye maduka waliokuwa wakilipwa kamisheni kwa kila tiketi hawakuwa na sababu ya kulalamika.

Kwa hiyo faida ilitoka ndani ya chungu, na chungu kilijazwa na wachezaji wengine: wale wa Alhamisi ya kawaida, jekpoti ikiwa laki saba au milioni moja, waliolipa dola 2 kwa karatasi ya senti 80. Sehemu ya kila dola yao ilibaki kwenye jekpoti, wiki baada ya wiki, mpaka ikakaribia milioni 2. Haba na haba hujaza kibaba, ila methali haisemi kibaba kikijaa ni nani atakayekipika. Kwenye upatu wa kina mama, kila anayetoa ana zamu yake, na jina lake limeandikwa. Hapa zamu ilikuwa ya yule aliyejua tarehe.

Mwanzoni mwa utafiti wangu nilidhani suala la haki linaishia hapo, na kwamba vijana na wazee wale walikuwa wamekosea. Sasa siamini hivyo. Mchezaji wa Alhamisi hakudanganywa na Selbee. Alilipa bei iliyotangazwa kwa mchezo ambao kanuni zake zilitangazwa, na siku ya mmwagiko ilikuwa wazi kwake kama ilivyokuwa kwa MIT. Angeacha kucheza siku za kawaida akangoja siku hiyo, angekuwa amecheza kwa akili ileile, hata kama kwa tiketi tano. Aliyepanga mchezo ili wengi walipie siku za hasara ni aliyeuandika, yaani jimbo. Na bahati nasibu zote za serikali ndivyo zilivyo: wengi hukosa ili mmoja apate. Cash WinFall ulitofautiana nazo kwa kuwa yule mmoja alijulikana mapema.

Ila kuna wikendi moja ambayo siwezi kuipitisha hivihivi.

Agosti 2010 jekpoti ilikuwa takriban dola milioni 1.6. Kwa kasi ya kawaida ya mauzo, droo iliyofuata isingefika milioni 2, kwa hiyo hakuna tangazo la mmwagiko lililotolewa. Wazee wa Evart walikuwa nyumbani kwao Michigan. Mtafiti wa Boston na wenzake walikuwa wakingoja. Vijana wa MIT wakapiga hesabu nyingine: mauzo ndiyo yanayoijaza jekpoti, na mauzo ni sisi. Katika siku chache kabla ya droo ya Jumatatu, tarehe 16 Agosti, walinunua tiketi zipatazo 700,000, dola milioni 1.4, wakaisukuma jekpoti mpaka ikapita milioni 2 kwa nguvu yao wenyewe. Namba sita hazikutoka kwa mtu. Chungu kikamwagika siku ambayo karibu kila mtu mwingine hakujua kwamba kinamwagika, na wao wakaondoka na faida ya takriban dola 700,000.

Hatari walikuwa nayo. Mtu mwingine angepata namba zote sita, wangebaki na zawadi za siku ya kawaida na hasara ya kuwafilisi. Wao wenyewe, kwa tiketi 700,000 zisizojirudia, walikuwa na uwezekano wa asilimia saba na nusu wa kuikamata jekpoti yenyewe. Kama hesabu, ni kazi ya ustadi, na nakiri kwamba mara ya kwanza nilipoisoma nilicheka kwa furaha. Lakini mambo mawili yalibadilika siku ile. Aliyenunua tiketi tano mmwagiko ukiwa umetangazwa alipata kipande chake, japo kimepungua kwa wingi wa wanunuzi. Aliyekaa nyumbani Agosti ile akingoja tangazo hakupata chochote, na kungoja tangazo ndilo jambo la busara ambalo tungemshauri kila mchezaji mdogo alifanye. Tena tangazo lenyewe lilikuwa la jimbo. Watu walikuwa wakilitegemea kama wanavyotegemea ratiba ya kivuko, na kumbe mwenye fedha za kutosha angeweza kukiondosha kivuko kabla ya saa yake akiwa amekijaza mwenyewe.

Selbee alikasirika, na si kwa sababu ya maskini wa Boston. Alikasirika kwa kuwa ameachwa nje. Hilo nalo linafaa kukumbukwa, kwa sababu filamu iliyotolewa 2022 juu yake na mkewe inawaonyesha vijana wa chuo kama wabaya na wazee kama malaika. Hesabu ya pande zote mbili ilikuwa moja.

Jumapili, tarehe 31 Julai 2011, gazeti la Boston Globe lilichapisha habari yote. Wananchi wakapiga kelele. Bahati nasibu ikaweka kikomo cha mauzo ya dola 5,000 kwa duka kwa siku, na Januari 2012 mchezo ukafungwa kabisa. Mweka hazina wa jimbo, Steven Grossman, akaomba uchunguzi, na Mkaguzi Mkuu Gregory Sullivan akatoa ripoti Julai 2012. Hakupata rushwa. Alipata kwamba maofisa wa bahati nasibu walikuwa wakijua miaka kadhaa na kwamba baadhi ya kanuni zilikuwa zimelegezwa: kuna maduka yaliyowaachia wachezaji wakubwa mashine waziendeshe wenyewe. Juu ya haki, ripoti ilifikia uamuzi kwamba, mmwagiko ukiwa umetangazwa, mnunuzi wa tiketi moja hakuumizwa na wanunuzi wa maelfu. Uwezekano wake wa kushinda ulikuwa uleule.

Kauli hiyo ni sahihi, na inaficha kitu. Uwezekano wa kupata namba nne ulikuwa moja katika 801, awe Selbee yupo au hayupo. Ukubwa wa kile unacholipwa ukizipata ni jambo jingine, kwa sababu siku ya mmwagiko chungu kiligawanywa kwa idadi ya washindi. Zile dola 5.53 za Februari 2005 zilikuwa za wakati ambao makundi yalikuwa bado hayajafurika. Walipofurika, vipande vilikonda. MIT walitia dola milioni 17 au 18 katika miaka saba na kupata faida ya angalau milioni 3.5, ambayo ni senti 20 hivi juu ya kila dola. Bado ilikuwa biashara nzuri, hata kwa mnunuzi wa tiketi moja siku ile. Lakini sehemu ya utamu wake ilikuwa imeshaliwa.

Michezo ya serikali imechezewa hivi tangu zamani. Ufaransa, mwaka 1729, wizara ya fedha iliruhusu wenye hati za deni za jiji la Paris kununua tiketi za bahati nasibu kwa bei iliyofuata thamani ya hati. Mwanahisabati La Condamine akaona kwamba tiketi ya hati ndogo ni rahisi sana, na bado ina nafasi sawa na ya hati kubwa. Akamwambia mwandishi Voltaire. Wakaunda kikundi, wakakusanya hati ndogondogo, wakashinda mwezi baada ya mwezi. Waziri aliwashtaki akashindwa, kwa kuwa hawakuvunja kanuni yoyote. Mwandishi yule aliyewasumbua wafalme maisha yake yote aliweza kuwasumbua kwa raha kwa sababu ya utajiri ulioanzia hapo.

Njia nyingine ni ya mabavu: kununua kila kitu. Februari 1992 kikundi cha wawekezaji kutoka Australia, chini ya Stefan Mandel, mzaliwa wa Romania, kiliona jekpoti ya jimbo la Virginia imefika dola milioni 27 wakati njia zote za namba sita kati ya 44 ni 7,059,052, na kila tiketi ni dola 1. Walikusudia kuzinunua zote. Muda uliwaishia wakiwa na milioni 5 hivi, na iliyoshinda ilikuwamo. Aprili 2023 jimbo la Texas likaona kisa hichohicho kwa kiwango kikubwa zaidi: njia 25,827,165, jekpoti ya dola milioni 95, na kikundi kilichonunua karibu zote katika siku tatu kwa msaada wa maduka yaliyofungiwa mashine nyingi kwa kazi hiyo tu. Waliondoka na dola milioni 57.8 taslimu. Miaka miwili baadaye wabunge wa Texas waliivunja tume ya bahati nasibu iliyoruhusu jambo hilo. Pale Texas, sawa na Agosti ya Boston, nahisi mstari umevukwa: mashine za umma zilihamishwa kutoka kwa umma zikatumikia mnunuzi mmoja.

Na yuko mmoja aliyeufikia mlango akageuka. Mwaka 2003, huko Toronto, mtaalamu wa takwimu za madini, Mohan Srivastava, alikuwa na tiketi za kukwangua alizopewa kama zawadi ya mzaha. Aligundua kwamba namba zilizochapishwa juu, kabla ya kukwangua, zilionyesha tiketi ipi imeshinda: tafuta namba zilizojitokeza mara moja tu, uone kama zimejipanga mstari mmoja. Akapiga hesabu ya kipato, akaona angepata takriban dola 600 kwa siku kwa kuzunguka madukani akichambua tiketi. Ujira wake wa ushauri ulikuwa mkubwa zaidi. Akaiarifu bahati nasibu ya Ontario, na mchezo ukaondolewa. Wengi humsifu kwa uadilifu, na anastahili. Ila mwenyewe hakuficha kwamba hesabu ya mshahara ilikuwamo.

Selbee na mkewe, kwa miaka tisa katika majimbo mawili, walikusanya zawadi za karibu dola milioni 27 na kubaki na faida ya milioni 7.75 kabla ya kodi, wakagawana na wanahisa wao. Sheria ya kodi ya Marekani wakati huo ilimruhusu mshindi kutoa hasara zake za kamari kwenye ushindi wake, lakini si zaidi ya kile alichoshinda, na ilibidi awe na ushahidi. Kwa hiyo tiketi zote zilizokosa, mamilioni, walizifunga na kuzihifadhi kwenye makasha ya plastiki katika banda la nyumbani kwao, tayari kwa siku mtu wa kodi atakapobisha hodi. Mchezaji wa Alhamisi hakuhitaji makasha. Hakuwa na ushindi wa kutolea hasara, kwa hiyo karatasi yake haikuwa ushahidi wa kitu chochote, na aliiacha kwenye pipa la taka palepale mlangoni mwa duka.